Kinundu cha Tano

Anayetaka kuijenga Tanga kwa matofali ya plastiki aanzie Ngamiani. Huko Wajerumani walishamfanyia nusu ya kazi. Barabara zimenyooka, zimepewa namba badala ya majina, na mtu akikuambia nyumba iko barabara ya nne au ya kumi na mbili huna haja ya kuuliza mara ya pili. Weka bamba la msingi mezani, panga njia ya kijivu, acha nafasi ya nyumba, panga njia nyingine. Ukifika mwisho wa bamba, unga jingine. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza anaiweza kazi hiyo, na jioni moja inatosha kutoa kipande cha mji ambacho mwenyeji atakitambua kwa vibaraza vyake, baiskeli zilizoegemezwa ukutani na bajaji inayosubiri kwenye kona.

Shida huanza ukitoka Ngamiani. Reli inayoutenga mtaa huo na mjini kati inajipinda kuelekea bandarini. Njia ya kwenda Raskazoni inaambaa na ghuba, na ghuba haikuchorwa kwa rula. Upande wa kusini kuna barabara ya Pangani, magharibi ile ya Muheza na Segera, na nyingine inakwenda Horohoro mpakani. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyomuuliza mpimaji wa Ngamiani ielekee wapi. Hapo ndipo tofali linapogoma: ukilielekeza mshazari halikai, ukililazimisha linabinuka, na ukikata tamaa unajikuta umepinda barabara ya Pangani nyuzi 90, kama vile dereva wa basi angeweza kugeuka ghafla katikati ya mashamba ya minazi.

Ugomvi huo una sababu moja. Vinundu vilivyo juu ya tofali la LEGO vimepangwa safu kwa safu, na kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya jirani yake ni milimita 8. Kipimo hicho hakijaguswa tangu Januari 1958, kampuni hiyo ya Billund, Denmark, ilipoomba hataza ya tofali lenye mirija ndani. Plastiki ilibadilishwa mwaka 1963, rangi zimeongezeka, vikaja vijitu na magurudumu, lakini milimita 8 zikabaki pale pale. Tofali la babu wa Kidenmaki linabana tofali lililotoka kiwandani leo. Mwaka 1978 kampuni ilitoa mabamba yaliyochorwa barabara: lililonyooka, la kona, la njia panda ya T na la msalaba. Mwaka 2021 ikaleta mfumo mpya wa vipande vinene vya kuungana. Mji wa namna hiyo ni Ngamiani tupu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Wapo watakaosema kwamba matofali haya yana uwezekano usio na mwisho, nao wana namba ya kuonyesha. Wanahisabati Søren Eilers na Bergfinnur Durhuus wa Copenhagen walihesabu kwa kompyuta njia za kuunganisha matofali sita ya rangi moja, kila moja la vinundu nane, wakapata 915,103,765. Ni namba ya kutisha, ila isomwe vizuri. Imehesabu matofali yaliyokaa mraba tu. Ukiyabana matofali mawili kwa kinundu kimoja cha pembeni, la juu linaweza kuzunguka kiasi na kusimama popote katika nafasi hiyo, na mikao hiyo yote imeachwa nje ya hesabu kwa sababu haihesabiki. Barabara ya mshazari inaanzia kwenye mikao hiyo iliyoachwa.

Sasa tuwaone mafundi wanaoseti msingi wa nyumba, Kange au Pongwe au popote pengine. Kigingi cha kwanza kimeshapigwa kwenye kona, na kamba ya ukuta wa mbele imevutwa. Kinachotafutwa ni ukuta wa pili uondoke kwenye kona ile kwa pembe mraba. Fundi anapima mita 3 juu ya kamba ya kwanza, anatia alama. Anapima mita 4 juu ya kamba ya pili, alama tena. Kisha saidia anavuta futi kutoka alama hadi alama. Ikisoma 5, wamepata skwea. Ikizidi 5, kona imefunguka, kamba ya pili inarudishwa ndani kidogo. Ikipungua, inasukumwa nje. Fundi huenda hajalisikia jina la Pythagoras tangu alipoacha shule, wala Pythagoras hana haki ya kudai ugunduzi wote: Wababeli waliandika namba za ukoo huu kwenye kibao cha udongo zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Tatu mara tatu ni 9, nne mara nne ni 16, jumla 25, na tano mara tano ni 25.

Mjenzi wa barabara za plastiki anaichukua kamba hiyo hiyo na kuishika upande wa pili. Fundi ana mshazari wa mita 5 mkononi, anatafuta pembe mraba. Mezani pembe mraba tunazo za kumwaga, vinundu vyenyewe vimezileta. Tunachotafuta ni mshazari ambao vinundu vitaukubali.

Jaribu. Kwenye bamba la msingi chagua kinundu, kiite A. Hesabu hatua 4 kwenda kulia na hatua 3 kwenda mbele, ufike kwenye kinundu B. Umbali wa moja kwa moja kutoka A hadi B ni hatua 5 kamili, yaani milimita 40, bila nukta inayobaki. Chukua bamba jembamba lenye vinundu sita, maana hatua tano zina vinundu sita, na hapa ndipo wengi wanapopoteza robo saa wakishangaa kwa nini bamba la vitano halifiki. Kabla ya kulibana, weka kisahani cha duara cha kinundu kimoja juu ya A na kingine juu ya B. Kisahani kina unene wa milimita 3.2, na kinundu kimesimama kama milimita 1.7 tu, kwa hiyo bamba la juu litapita bila kugusa vinundu vingine vya chini. Libane. Limekaa nyuzi 36.87 kutoka kwenye safu za msingi, imara, wala halijalazimishwa. Ukibadilisha, hatua 3 kulia na 4 mbele, unapata nyuzi 53.13. Kinundu ni duara, hakijali aliye juu yake ameelekea wapi. Kinachojali ni umbali, na umbali tumeutimiza.

Bamba jembamba halipitishi gari. Barabara inataka upana, na hapo linajitokeza jambo ambalo mimi naliona ndilo tamu kuliko yote katika sura hii. Tandika juu ya msingi bamba pana, kubwa uwezavyo, kwa pembe hiyo hiyo ya tatu-nne-tano. Ukiangalia kutoka juu, safu za chini na safu za juu zinaonekana zimevurugana. Lakini ukianza kuhesabu utakuta kwamba kati ya kila vinundu vitano vya chini, kimoja kimekaa sawasawa chini ya nafasi ya kinundu cha juu. Siyo karibu sawasawa, ni sawasawa. Na vimesambaa kwa mpango: kutoka kinundu kimoja cha namna hiyo hadi cha jirani yake ni hatua 2 upande mmoja na hatua 1 upande mwingine, hivyo hivyo mpaka mwisho wa bamba. Wanaochunguza fuwele za metali wanaujua mpangilio huu, kwa sababu atomu nazo hukaa safu kwa safu, na chembe mbili za metali zikikutana kwa pembe fulani hushirikiana atomu moja katika kila tano. Mjenzi wetu anahitaji tu kujua wapi pa kuweka visahani. Njia pana inaweza kushikwa sehemu kumi au ishirini, na ukiinua meza nzima haidondoki.

Zipo pembetatu nyingine za namna hiyo. Ya 5, 12 na 13 inatoa nyuzi 22.62, nzuri kwa barabara inayoacha njia kuu polepole, lakini hapo kinachokubaliana ni kinundu kimoja katika kila 13. Ya 8, 15 na 17 ni nyuzi 28.07, na mkubaliano ni mmoja katika 17. Kadiri pembetatu inavyokuwa kubwa ndivyo vishikio vinavyopungua na meza inavyotakiwa kuwa ndefu. Kwa mtu mwenye matofali ya kadiri, tatu-nne-tano ndiyo mwisho wa maneno.

Pembe ambayo kila mtu huiomba kwanza ni nyuzi 45, na hiyo vinundu havitaikubali hata bamba likiwa na ukubwa wa uwanja wa Mkwakwani. Ukienda hatua 5 kulia na 5 mbele, mshazari ni hatua 7.07. Bamba lenye hatua 7 litakosa kwa zaidi ya nusu milimita. Utalisukuma litaingia, na baada ya wiki utaona plastiki imeanza weupe pale ilipobanwa. Hatua 12 kwa 12 ni afadhali: 144 na 144 ni 288, na 17 mara 17 ni 289. Tofauti ni kama robo ya milimita katika urefu wa sentimita 13.6, na nafasi ndogo ambayo kiwanda huacha kati ya tofali na tofali inaweza kuimeza. Tofali la vinundu viwili kwa vinne lina milimita 31.8 kwa 15.8, si 32 kwa 16, na robo yetu inajificha humo. Mimi huitumia 12 kwa 12 kwa moyo mzito, kwenye njia za waenda kwa miguu tu.

Nyuzi 60 na 120 nazo hazimo, kwa hiyo njia panda yenye matawi matatu yaliyoachana sawasawa haijengeki kwa ukamilifu. Kuna ya kuikaribia. Tawi la kwanza lifuate safu za msingi. La pili na la tatu yarudi nyuma kwa hatua 3, moja likienda hatua 4 kushoto na jingine hatua 4 kulia. Pembe zitakuwa 126.87, 126.87 na 106.26. Kwa macho ya kawaida ni njia panda ya matawi matatu, na katikati yake kipilefti cha mabamba ya robo duara kitakaa vizuri. Gari lizunguke kwa mwelekeo wa saa kama kwetu, hata kama picha kwenye boksi imechorwa na watu wanaoendesha kulia.

Matofali ya asili ni ghali, na mengi yanayoonekana katika madarasa ya chekechea ni ya kuiga au yale makubwa ya watoto wadogo. Hesabu haibadiliki. Duplo, ndugu mkubwa wa LEGO, ana hatua ya milimita 16, kwa hiyo pembetatu yake ni milimita 48, 64 na 80. Kwa matofali yasiyo na jina, pima kwanza: panga vinundu kumi na moja mstari mmoja, weka rula kutoka katikati ya cha kwanza hadi katikati ya cha mwisho, gawa kwa kumi. Jingine la kujihadhari nalo ni mchanga. Chembe moja ya ufukweni ikiingia kati ya kinundu na mrija, tofali linakwaruzika na halibani tena kama zamani, kwa hiyo kazi hii ifanyike ndani, mikono ikiwa imeoshwa.

Watoto wa pwani hawakuwa na shida hii na magari yao wenyewe. Gari la waya, matairi ya malapa yaliyochakaa, usukani mrefu wa kusukumia ukiwa umesimama. Au gari lililochongwa kwa mlingoti wa mkonge, ambao ukikauka ni mwepesi na unakatika kwa kisu cha jikoni. Barabara inachorwa chini kwa kisigino na inakwenda inakotaka. Nimesikia watu wakidharau matofali ya plastiki kwa hoja hiyo, kwamba yanamfunga mtoto ambaye mchanga ulimwacha huru. Hoja ina uzito, ila mchanga haukulazimishi kujua pembe gani umechora. Tofali linakulazimisha. Ningefurahi kuiona meza moja ya vinundu na visahani pale STEM Park, bustani ya sayansi ya jijini Tanga, na watoto waachwe wakitafute wenyewe kinundu cha tano bila kuambiwa.

Kuna matofali mengine yasiyokubali mshazari kabisa, nayo yametumika kazi nzito zaidi ya kuchezea. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lenye makao yake Nairobi, liliungana na Mojang, waundaji wa mchezo wa kompyuta wa Minecraft, kuanzisha mradi wa Block by Block. Uwanja wa Silanga kule Kibera ulikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Wakazi walikaa mbele ya kompyuta na kuujenga upya uwanja wao kwa vitofali vya mita moja kila upande, kisha wasanifu wakachora kutokana na walichojenga. Humo ndani hakuna kisahani cha kuzungushia: njia ya mshazari inakuwa ngazi ngazi. Hilo halikuwazuia watu kubishana kuhusu geti likae wapi na taa ziwe ngapi, na mabishano hayo ndiyo yaliyokuwa yakitafutwa. Hata hivyo, kwa barabara ninaona upungufu. Ngazi ngazi inaficha kile ambacho mshazari unakifanya mahali ambapo njia mbili zinakutana, na huko ndiko tunakokwenda sasa.

Twende Segera. Gari linalotoka Tanga likifika pale lina mambo mawili: kushoto kwenda Chalinze na Dar es Salaam, kulia kwenda Korogwe, Moshi na Arusha. Kwa bamba la mwaka 1978 hiyo ni T, kazi kwisha. Lakini njia kuu ina mabasi ya mikoani na malori yenye matela, na T tupu inamtaka kila anayekata kona karibu asimame. Kwa hiyo mezani tutaongeza njia mbili za mchepuko: moja kwa anayetoka Tanga kwenda kushoto, nyingine kwa anayetoka Arusha na kukata kushoto kuja Tanga. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, hizo ndizo kona nyepesi, zisizokatiza msafara wa mtu mwingine. (Wadenmaki wangechepusha kwenye kona hizo hizo mbili, mishale tu ndiyo ingegeuka.) Anayetoka Dar na kukata kulia tumwache kwenye makutano yenyewe, asubiri zamu yake.

Chukua pembetatu ya fundi, izidishe mara sita: 18, 24, 30. Swali la kwanza ni upande upi uwe 24. Mshazari wetu una pembe mbili tofauti, 36.87 mwisho mmoja na 53.13 mwisho mwingine, na moja kati ya hizo itaigusa njia kuu. Gari linaloacha njia kuu liko kasi, na linalojiunga nayo linataka kupata kasi, kwa hiyo pembe ndogo iende huko. Hatua 24 zilale kando ya njia kuu na 18 kando ya barabara ya Tanga. Kwa rula hizo ni sentimita 19.2 na 14.4, na mshazari ni sentimita 24. Hapo una visahani saba kwenye mstari wa katikati peke yake, kimoja kila baada ya hatua tano, ukianza na kona na kuishia na kona.

Njia ya mchepuko tuipe upana wa vinundu nane. Watu wengi wanaojenga kwa vijitu vya LEGO hukisia kipimo cha takriban 1 kwa 42, na kwa kipimo hicho vinundu nane ni mita 2.7, njia nyembamba lakini basi linapita. Itandike juu ya visahani. Kwa sababu njia imepanda kwa unene wa bamba moja, pandisha na ardhi yote ya pembeni kwa bamba moja, isije ikaonekana daraja.

Kinachobaki katikati ni pembetatu. Kila mjenzi hufika hapa akajikuta anajaza meno ya msumeno: safu za chini zinaishia kingazi ngazi, ukingo wa njia umenyooka mshazari, na kati yake kuna matundu. Dawa iko kwenye mabamba ya kabari, yale yanayopungua upana kinundu kimoja kwa kila vinundu vitatu. Mteremko wa moja kwa tatu ni nyuzi 18.43. Ziongeze mara mbili upate 36.87, pembe yetu, bila kukosa hata kidogo. Basi kwenye ile ncha kali ambapo mchepuko unaachana na njia kuu, funga kabari moja kwenye ardhi na nyingine, ya mkono wa pili, kwenye ukingo wa njia ya mshazari. Zitakutana uso kwa uso na tundu litafungika. Kwenye ncha ya upande wa Tanga tumia kabari fupi za moja kwa mbili: nyuzi 26.57, mara mbili ni 53.13. Sijui kama waliochonga kalibu za kabari hizo walikuwa na pembetatu ya fundi akilini, lakini zinaoana kama mlango na fremu yake.

Sasa vunja furaha kidogo: simama pale kama mtu wa miguu. Unatembea kando ya njia kuu, unafika kwenye mdomo wa mchepuko. Kama mchepuko ungeingia kwa pembe mraba, ungevuka vinundu nane. Kwa nyuzi 53.13 mdomo umepanuka hadi vinundu kumi. Kwa nyuzi 36.87 ni 13 na theluthi. Katika kipimo chetu umetoka mita 2.7 hadi karibu mita 4.5, na dereva anayekuja hana sababu ya kupunguza mwendo, maana sisi wenyewe tumemlainishia kona. Ndiyo maana wahandisi wa barabara hupenda njia zikutane karibu na nyuzi 90, hata barabara iliyokuja mshazari ikabidi ipindwe kidogo kabla ya kufika. Dereva naye kwenye pembe kali inambidi ageuze shingo mpaka nyuma ya bega ili aone nani anakuja.

Jambo hili halina utani nje ya meza. Dar es Salaam, shirika la Amend lilitembea na watoto kutoka nyumbani hadi shuleni, likaangalia wanavukia wapi, kisha likaweka njia za miguu, matuta, vizuizi na alama pale pale walipovukia. Mwaka 2019 mpango huo, SARSAI, ulishinda tuzo ya miji ya WRI Ross Center katika mara yake ya kwanza kutolewa. Vitu vilivyotumika ni vya bei ndogo ukilinganisha na daraja la juu la Ubungo. Vilihitaji tu mtu aliyekubali kuipima barabara kwa hatua za mtoto.

Kwa hiyo usiweke pundamilia mdomoni mwa mchepuko. Iweke katikati ya njia ya mshazari, na uipange kwa vigae vyeupe vilivyofuata safu za njia yenyewe, si safu za meza. Kwa kuwa safu hizo zimezungushwa pamoja na njia, pundamilia itaikata njia kwa pembe mraba bila wewe kupima chochote, na mvukaji atarudi kwenye vinundu vyake nane. Atakapofika ng'ambo atakuwa amesimama juu ya ile pembetatu, ambayo sasa imepata kazi ya kuwa kisiwa. Baada ya kuondoa upana wa njia kinabaki na pande za hatua kama 13 na 17, yaani kama mita 4.4 kwa 5.8. Kinatosha familia na baiskeli zao. Kiinue kwa bamba moja zaidi: milimita 3.2 mara 42 ni sentimita 13 na kitu, urefu wa ukingo wa kweli. Pale pundamilia inapokigusa kishushe tena, ili baiskeli na kiti cha magurudumu vipande.

Sasa zungushia kisiwa nguzo fupi, kinundu kimoja kimoja, ukiacha nafasi ya pundamilia, maana bila nguzo kitajaa wachuuzi kabla gundi ya vibandiko haijakauka. Mabasi yanapunguza mwendo kwenye makutano, na basi likipunguza mwendo Segera kuna mtu mwenye beseni la machungwa ya Muheza kichwani anayelikimbilia. Huyo asifukuzwe mezani. Mjengee genge nje ya ukingo wa mchepuko wa upande wa Chalinze, hatua kumi mbele ya mahali pa kuungana, na mbele yake acha sehemu ya kusimama yenye upana wa vinundu tisa na urefu wa basi moja na nusu. Sehemu hiyo inafuata safu za msingi, haihitaji kisahani hata kimoja.